Mwelekeo wa Ukurasa: Historia ya Usanifu wa Kitabu cha Sala cha Kiyahudi chenye Noti za Muziki, na Maana Yake kwa Msomaji wa Afrika Mashariki

Utangulizi

Kata ya Kisaki, katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, iko kusini mwa Milima ya Uluguru, katika nchi tambarare ya Wakutu ambamo leo reli ya TAZARA inapita. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilipita Ukutu, na Burton na Speke waliivuka nchi hiyo mwaka 1857. Kwa njia hiyohiyo ya biashara Uislamu uliingia katika sehemu za tambarare, na baadaye wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda hadi milimani. Tangu hapo mtoto wa maeneo haya ameishi na kurasa za aina mbili. Shuleni asubuhi anasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Katika madrasa alasiri anasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Hakuna anayelihesabu jambo hilo kuwa tatizo. Mtoto anajua kitabu kipi hufunguliwa upande upi, na mkono wake unajua kabla ya macho.

Insha hii inaanzia Kisaki kwa sababu suala inalolichunguza limejadiliwa kwa karne nyingi kana kwamba msomaji wa namna hiyo hayupo. Suala lenyewe ni usanifu wa kurasa za kitabu cha sala cha Kiyahudi, yaani siduri, pale kinapotakiwa kubeba noti za muziki pamoja na maneno ya Kiebrania. Kiebrania huandikwa kutoka kulia. Noti za muziki za Ulaya, zilizo kwenye mistari mitano, huandikwa kutoka kushoto. Vikiwekwa katika ukurasa mmoja, kimoja hulazimika kukipisha kingine. Hoja ya insha hii ni kwamba uamuzi wa nani apishe haukuwahi kuwa uamuzi wa kiufundi peke yake. Kila mpangilio ulimpendelea mtu fulani aliyekuwapo ndani ya sinagogi: mwimbaji aliyefundishwa, mwumini wa kawaida, au mtoto anayejifunza herufi. Mpangilio uliorahisisha wimbo mara nyingi uliidhoofisha hati. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa hati ya Kiarabu iliyobeba fasihi yao ya kale ilipata hasara ya namna hiyo.

Alama zilizotangulia noti

Si sahihi kudhani kwamba Wayahudi hawakuwa na alama za uimbaji kabla ya kukutana na noti za Ulaya. Wanazuoni wa Tiberia, wanaojulikana kama Wamasora, waliweka katika maandiko matakatifu alama za irabu na pia alama zinazoitwa teamimu, na kazi yao ilikuwa imekamilika kufikia karne ya 10. Teamimu huwekwa juu au chini ya neno. Humwonyesha msomaji mahali pa kutua, silabi ya kutiliwa mkazo, na kipande cha lahani kinachostahili neno hilo. Hazitaji urefu wala kimo cha sauti. Alama ileile huimbwa kwa namna moja Yemen na kwa namna nyingine Poland, na zote mbili ni sahihi kwa wenyewe.

Kwa msanifu wa ukurasa, alama hizi zilikuwa na faida kubwa: zilifuata maneno. Hazikudai mstari wao, wala hazikuwa na mwelekeo wao. Qari wa Kurani ataitambua hali hii mara moja, kwa sababu alama za kituo katika msahafu nazo hukaa ndani ya matini na kuiachia sauti ifundishwe kwa mdomo. Maulidi ya Barzanji, yanayosomwa pwani na bara, huimbwa kutoka katika ukurasa usio na noti hata moja, na jamaa wote hujua mahali pa kuitikia. Ukurasa wa namna hiyo unategemea kwamba mwalimu yupo. Mwalimu asipokuwapo, ukurasa hunyamaza.

Jaribio la kale kabisa linalojulikana la kuandika lahani ya Kiebrania kwa noti lilifanywa na mtu aliyevuka mpaka wa dini. Johannes, mzaliwa wa Oppido kusini mwa Italia, aliyekuwa amepata elimu ya kanisa, aliingia Uyahudi mwaka 1102 na kuitwa Obadia. Karatasi zake ziligunduliwa katika geniza ya Cairo, na kufikia miaka ya 1960 watafiti walikuwa wamemtambua kuwa ndiye mwandishi wa noti hizo. Obadia alitumia alama za uimbaji alizojifunza kwa Wakristo wa Italia, lakini alizigeuza: aliziandika kutoka kulia, zifuate herufi za Kiebrania. Mtu mmoja aliyejua hati zote mbili na nyimbo za pande zote mbili hakuona shida kuzielekeza noti upande wa maneno. Alama za wakati wake zilimruhusu, kwani hazikuwa zimefungwa na viwanda vya uchapaji.

Venice, 1622 hadi 1623

Uchapaji ulibadilisha hali hiyo. Salamone Rossi, mwanamuziki Myahudi wa Mantua, alichapisha Venice katika miaka 1622 na 1623 mkusanyo wa nyimbo 33 za sala kwa sauti kuanzia tatu hadi nane. Mkusanyo huo ulitolewa katika vitabu vinane, kila sauti na kitabu chake, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Rabi Leon Modena wa Venice aliusimamia uchapishaji na kuuandikia utangulizi wa kuutetea, kwa maana wapo walioona kwamba muziki wa sauti nyingi haukufaa katika sinagogi.

Wachapaji walikuwa na herufi za noti zilizotengenezwa kwa muziki wa Kikristo na wa kidunia. Kila kipande cha risasi kilibeba noti pamoja na sehemu ya mistari mitano, na vyote vilitengenezwa kwa mwelekeo wa kushoto. Kugeuza noti kungedai vipande vipya. Hivyo noti zikaachwa ziende kulia, na chini yake yakawekwa maneno ya Kiebrania, kila neno likiwa zima na likisomwa kwa mwelekeo wake wa asili. Macho ya mwimbaji yalifuata noti kuelekea kulia, na kila alipofika kwenye neno alirudi kulisoma kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akaendelea mbele.

Mpangilio huu unaonekana mgumu kwa anayeuona kwa mara ya kwanza, na baadhi ya waandishi wa baadaye wameutaja kama ushahidi kwamba jambo lenyewe lilikuwa haliwezekani. Tathmini hiyo ni ya haraka mno. Waimbaji wa Rossi walizijua zaburi na sala hizo kwa moyo tangu utotoni. Neno lililo chini ya noti halikuwa la kusomwa silabi kwa silabi. Lilikuwa alama ya kumkumbusha mwimbaji amefika wapi. Ukurasa wa Venice uliiheshimu hati kwa kutolikata neno, ukamwachia mwimbaji kazi ya kuzigawa silabi kwa noti. Kwa hiyo ulimtaka mwimbaji awe mjuzi wa mambo mawili: noti na sala. Anayejua kimoja tu hakuweza kuutumia.

Karne moja baadaye, katika mji huohuo, Benedetto Marcello, mtunzi Mkristo, alichapisha kati ya 1724 na 1726 zaburi 50 zenye muziki, na ndani yake akaweka lahani alizozinukuu kutoka kwa Wayahudi. Lahani hizo alizichapisha pamoja na maneno yake ya Kiebrania, na noti zikiwa zimegeuzwa kwenda kushoto. Hapa Mkristo alizigeuza noti kwa ajili ya Kiebrania, ilhali Myahudi kabla yake alikuwa ameziacha kama zilivyo. Tofauti hiyo inaelezeka kwa matumizi. Marcello aliziweka lahani kama ushahidi wa kale wa kutazamwa na wasomi. Rossi alitaka nyimbo ziimbwe Jumamosi inayofuata.

Vienna, Berlin na London

Karne ya 19 ndiyo iliyoamua mambo kwa muda mrefu. Salomon Sulzer, hazani yaani kiongozi wa sala kwa kuimba katika sinagogi kuu la Vienna, alitoa juzuu ya kwanza ya Schir Zion karibu na mwaka 1840 na ya pili katikati ya miaka ya 1860. Ndani yake mna pia Zaburi ya 92 ambayo Franz Schubert aliitungia muziki kwa maneno ya Kiebrania mwaka 1828. Sulzer alichukua njia ambayo ingetawala: chini ya noti aliweka maneno ya Kiebrania yaliyonukuliwa kwa herufi za Kilatini, yakakatwa silabi kwa silabi kwa vistari, yote yakienda kulia. Louis Lewandowski wa Berlin alifuata njia hiyo katika Kol Rinnah ya mwaka 1871.

Faida yake ni dhahiri. Kila silabi ilikaa chini ya noti yake. Silabi iliyoimbwa kwa noti nyingi ilivutiwa mstari hadi noti ya mwisho. Mchapaji yeyote wa Vienna aliweza kuipanga kazi hiyo bila kujua Kiebrania, na wanakwaya nao waliweza kuiimba bila kukijua. Hilo la mwisho ndilo lililoleta mjadala. Kwaya iliweza kusimama sinagogini na kutamka lugha takatifu kwa usahihi wa kutosha huku ikisoma herufi za nchi. Kitabu cha noti kilitengana na kitabu cha sala: siduri ilibaki mikononi mwa waumini, bila noti, kitabu cha noti kikabaki juu ya kinara cha kwaya, bila Kiebrania. Waumini wakawa wasikilizaji.

London ilijaribu kurekebisha hali hiyo kwa namna inayowagusa wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kitabu The Voice of Prayer and Praise, kilichohaririwa na Francis L. Cohen na David M. Davis na kutolewa mwaka 1899, kilikusudiwa kuimbwa na mkutano mzima. Pamoja na noti za mistari mitano, kiliweka sol-fa, yaani mfumo wa herufi d, r, m, f, s, l, t uliokuzwa na John Curwen kutokana na kazi ya Sarah Glover wa Norwich. Mfumo huo ulikuwa wa bei nafuu. Ulipangwa kwa herufi za kawaida na alama za kawaida za uandishi, na mtu asiye na piano aliweza kuufuata. Kwa sababu hizohizo wamisionari wa Uingereza waliusambaza Afrika, na hadi leo wanakwaya wengi wa Tanzania na Kenya huanza kujifunza wimbo mpya kwa kuimba sol-fa kabla ya kuimba maneno. Mwanakwaya wa Morogoro akionyeshwa ukurasa wa Cohen na Davis ataifahamu lahani, hata asipoelewa neno moja.

Idelsohn na noti zinazokwenda kushoto

Abraham Zvi Idelsohn alifika Yerusalemu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwakuta Wayahudi kutoka Yemen, Iraki, Uajemi na kwingineko, kila jamii na lahani zake. Alizikusanya katika juzuu kumi zilizotoka kati ya 1914 na 1932. Kabla ya hapo, mwaka 1912, alitoa kitabu cha nyimbo kwa ajili ya shule, Sefer ha-Shirim, ambamo noti zimechapishwa kutoka kulia kwenda kushoto: ufunguo uko mwisho wa kulia wa mistari mitano, na maneno ya Kiebrania yanakwenda sambamba na noti bila kukatizwa.

Uamuzi huu unastahili kuangaliwa pamoja na hadhira yake. Idelsohn aliwaandikia watoto waliokuwa wakifundishwa Kiebrania kama lugha ya nyumbani na ya shule, kitu ambacho wazazi wao wengi hawakuwa nacho. Kwa watoto hao, kuisoma hati kwa mwelekeo wake kulikuwa ndiyo shabaha ya elimu yenyewe, na muziki ulipaswa kuihudumia. Mpango huo haukudumu. Mwanafunzi aliyezizoea noti za kulia asingeweza kusoma kitabu kingine chochote cha muziki duniani. Vitabu vya nyimbo vilivyofuata vilirudisha noti kwenda kulia na kuzikata silabi za Kiebrania, kila silabi ikibaki na mwelekeo wake na zote kwa pamoja zikipangwa kinyume.

Neno shalom linatosha kulionyesha tatizo hilo. Lina herufi nne: shini, lamedi, vavu na memu. Silabi yake ya kwanza ni herufi moja, ya pili ni herufi tatu. Likiwekwa chini ya noti mbili zinazokwenda kulia, shini hukaa kushoto na herufi tatu zilizobaki hukaa kulia. Jicho lililozoea Kiebrania huanza kulia na kuona "lom-sha". Mwimbaji mzoefu hulirekebisha hilo bila kufikiri. Mtoto anayejifunza kusoma huchanganyikiwa, na mzee ambaye macho yake yameisoma siduri kwa miaka sitini huudhika.

Jina lisilosomwa kama lilivyoandikwa

Ugumu mkubwa zaidi uko katika Jina la Mungu. Katika matini ya Kiebrania Jina huandikwa kwa herufi nne, lakini halitamkwi kama lilivyoandikwa. Mahali pake msomaji husema Adonai. Katika siduri isiyo na noti hakuna shida: jicho huona herufi nne na ulimi hutamka neno jingine, na vitabu vingi hufupisha Jina kwa kuandika yodi mbili tu. Noti zinapoingia, kila silabi inayotamkwa hudai mahali pake. A-do-nai ni silabi tatu. Herufi nne haziwezi kugawanywa chini ya noti tatu, kwa kuwa silabi hizo hazimo ndani yake. Na hata zingekuwamo, kulikata Jina kwa vistari si jambo ambalo mwumini angelitazama kwa utulivu.

Wasanifu walibaki na njia chache, na kila moja ina gharama. Unukuzi wa Kilatini huliepuka suala lote, kwa kuwa huandika kinachotamkwa. Kuandika Adonai kwa herufi za Kiebrania, kukiwa kumekatwa, hufuata sauti lakini huacha desturi ya kuandika Jina. Kuliacha Jina zima chini ya noti ya kwanza, na kuvuta mstari hadi noti ya tatu, hulinda hati na kumwachia mwimbaji kazi ya kugawa. Njia hiyo ya tatu ndiyo kanuni ya Rossi ikirudi kwa mlango wa nyuma, na pengine ndiyo yenye hekima zaidi, kwani hakuna Myahudi anayesali asiyejua namna ya kulitamka neno hilo.

Jambo hilo lina athari hata katika karakana ya uchapaji. Karatasi yenye Jina haitupwi. Huhifadhiwa katika geniza na hatimaye huzikwa. Kurasa za majaribio, zenye mistari iliyopinda na silabi zilizokosewa, nazo zikibeba Jina huingia katika sheria hiyo. Ni kwa desturi hiyo kwamba karatasi za Obadia zilisalia katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Cairo.

Kurasa mbili zinazotazamana

Mjadala wa mwelekeo kwa kawaida huishia kwenye mstari, na kusahau kitabu. Siduri hufungwa mgongo upande wa kulia. Ikifunguliwa, ukurasa wa kwanza kusomwa uko kulia na wa pili uko kushoto. Noti zinazokwenda kulia zikiujaza ukurasa wa kwanza, mstari wake wa mwisho humalizikia kwenye pambizo ya nje ya kulia, na mwendelezo wake huanza kwenye pambizo ya nje ya kushoto ya ukurasa wa pili. Jicho hulazimika kuvuka upana wote wa kitabu kilichofunguliwa, na huku sauti haingoji. Katika kitabu cha Kilatini safari hiyo ni fupi: mstari huishia karibu na mgongo na unaofuata huanzia hapohapo ng'ambo ya mgongo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya msanifu wa siduri yenye noti ingepaswa kuwa kwamba wimbo usivuke ukurasa. Pale usipotosha, kurasa mbili zinazotazamana zigawane kazi: sala nzima ya Kiebrania, pamoja na irabu zake, ikae kulia, na noti zenye unukuzi zikae kushoto. Mgawanyo wa namna hiyo, ingawa bila noti, umetumiwa na Mishkan T'filah, siduri ya Wayahudi wa madhehebu ya Mageuzi ya Marekani iliyotolewa mwaka 2007, ambayo huweka Kiebrania, unukuzi na tafsiri upande wa kulia, na masomo mengine ya kutafakari upande wa kushoto. Programu za kompyuta za siku hizi zimeondoa tabu ya risasi. Huweza kuishika kila silabi ya Kiebrania kama kitu kimoja chenye mwelekeo wake na kuiweka chini ya noti yake. Hazikuliondoa swali la nani atakayesumbuka.

Mbale

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Pendekezo la Uingereza la mwaka 1903 la kuwapa Wayahudi makazi katika nyanda za Uasin Gishu, zilizo leo nchini Kenya, lilikataliwa na mkutano wa Wazayuni mwaka 1905. Jumuiya ndogo ya Wayahudi kutoka Ulaya ilistawi Nairobi. Kwa suala la kitabu, hata hivyo, habari ya Mbale mashariki mwa Uganda ndiyo yenye uzito. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza, alijitahiri pamoja na wanawe mwaka 1919 na kuanzisha jumuiya ya Abayudaya. Mwaka 1922 alitoa kwa Kiganda kitabu cha kurasa 90 cha maagizo na sala. Kitabu hicho kilikuwa cha herufi za Kilatini, kikisomwa kutoka kushoto, na hakikuwa na noti. Nyimbo zilikaa vinywani.

Zilikaa huko katika nyakati ngumu. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku dini yao, na masinagogi yakafungwa hadi alipoangushwa mwaka 1979. Katika miaka ya 1980 vijana waliihuisha jumuiya, na utunzi wa nyimbo ukawa sehemu ya uhuisho huo. Zaburi ziliimbwa kwa Kiganda na kwa Kiebrania, kwa upatano wa sauti unaomkumbusha msikilizaji kwaya za makanisa ya Kiprotestanti ya Uganda. Mwaka 2003 shirika la Smithsonian Folkways lilitoa sahani ya nyimbo hizo kutokana na utafiti wa Jeffrey Summit. Gershom Sizomu alipata daraja la urabi nchini Marekani mwaka 2008.

Kwa jumuiya hiyo swali la ukurasa lina uzito ambao Vienna haikuujua. Siduri zinazotoka ng'ambo zina Kiebrania na Kiingereza. Lahani za Mbale hazimo. Kitabu kitakachozihifadhi kingehitaji Kiebrania, Kiganda na namna ya kuandika muziki, na namna iliyo karibu zaidi na uimbaji wa Afrika Mashariki ni sol-fa. Mfano wa London wa 1899 unaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini ukifuatwa kama ulivyo, unukuzi wa Kilatini utakuwa ndio mstari anaousoma kila mtu, kwa kuwa ndio ulio karibu na lahani. Kizazi kinachoimba vizuri kutoka katika unukuzi hakina haja ya kujifunza alefu na beti.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kukisia mwisho wa njia hiyo. Tendi za karne ya 18 ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na watawala wa Kijerumani walipokea barua za majumbe kwa hati hiyo. Tahajia ya Kilatini iliyosanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilirahisisha mengi, vikiwamo vitabu vya nyimbo. Leo aliyehitimu chuo kikuu kwa shahada ya Kiswahili huweza kuutazama mswada wa utenzi na asiweze kusoma ubeti wake wa kwanza, wakati mtoto wa madrasa ya Kisaki anazijua herufi zake ijapokuwa hajui kwamba zimewahi kuandika lugha yake.

Ipo njia ambayo historia iliyoelezwa hapo juu imeikaribia bila kuifuata. Ugumu wa noti uko katika mistari mitano, ambayo dunia nzima imekwisha kuizoea kwa mwelekeo mmoja. Sol-fa haina mistari. Ni herufi, nukta na vistari tu, na hakuna sababu ya kimuziki inayozuia herufi hizo ziandikwe kwa hati ya Kiebrania, kutoka kulia, juu ya maneno ya Kiebrania yasiyokatwa wala kupinduliwa. Mwimbaji anayejua sol-fa angehitaji kujifunza herufi saba katika hati ambayo sala yenyewe inamtaka aijue, na kwa kujifunza kuimba angekuwa ameanza kujifunza kusoma. Herufi za Kiebrania haziungani, kwa hiyo nafasi kati yake huweza kupanuliwa ili silabi ikutane na sauti yake bila neno kuvunjika. Hati ya Kiarabu isingekubali kirahisi hivyo. Neno salama lina silabi tatu zilizo wazi, kila moja ikitosheka kwa konsonanti na harakati yake, ila sini na lamu yake zimeshikana. Msanifu angelazimika kuurefusha mstari unaoziunganisha hadi sauti ya pili ifike, kama waandishi wa khati walivyozoea kuurefusha kwa ajili ya uzuri.